Usiuze Pikipiki Ununue Kamera

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia. Anapiga picha za sherehe kwa kamera ya mtumba, na ana pikipiki ya bodaboda inayomlisha. Anataka kuiuza anunue bodi ya fulufremu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ile yenye kihisi kikubwa cha kunasa picha, kwa sababu mchambuzi wa kamera anayemfuatilia YouTube kasema kamera za aina yake zimepitwa na wakati. Nimemjibu papo hapo: mdogo wangu, usiuze. Najua hayuko peke yake, ndiyo maana nayaweka hapa, na nyie wengine mnaotafuta jina kwenye kazi hii myasome.

Mimi jina langu hapa Kigoma nimelijenga kwa Canon 1100D, kamera iliyotoka mwaka 2011, megapikseli 12. Niliipata ikiwa imeshatumika, mpira wa kushikia umeanza kubanduka. Siku moja kamati ya harusi iliniita mtaa wa Mwanga nikaonyeshe kazi. Mwenyekiti hakufungua hata albamu. Aliitazama kamera pale mezani, akauliza, "Ndiyo hii?" Kisha wakaendelea na bajeti ya vinywaji. Kazi akapewa mwenye bodi kubwa. Mpaka leo nikikutana na mzee yule sokoni shikamoo natoa, lakini moyo haujasahau.

Sikubadilisha kamera. Nilinunua lenzi, ile ndogo ya 50mm f/1.8. Namba hiyo ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa. Lenzi inayokuja na kamera ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu; hii inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Aliyewahi kupiga sendofu kwenye ukumbi wenye taa za kubabaisha ananielewa.

Shule yangu ikawa Kibirizi, asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikisharudi na akina mama wameanza kuanika. Pale mwanga ni mgumu kweli. Dagaa wametandazwa wanameremeta, na juu yao kuna uso mweusi ulioinama, umefungwa kilemba. Kamera yoyote inakosea hapo, hata ya mamilioni, kwa sababu kipimo chake cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake kikichanganywa ni kijivu. Kikiona weupe mwingi kinapunguza mwanga, na sura za watu wetu zinazama gizani. Shela la bibi harusi linaleta shida hiyo hiyo. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili, tazama kama weupe haujaungua, piga tena. Nilipolielewa hilo, sura zikaanza kutoka. Mama mmoja wa pale Kibirizi alipojiona kwenye skrini alisema, "Leo ndiyo mimi." Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye harusi ya binti yake Ujiji, na kutoka harusi hiyo simu hazijakatika. Leo picha zangu zimetundikwa kwenye sebule za Gungu, Katubuka na Bangwe, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniuliza nilipiga kwa bodi gani.

Wachambuzi siwaiti waongo. Wapo wanaojua kazi. Lakini jueni wanavyoishi: wengi huazimwa kamera na kampuni kabla haijaingia sokoni, na ukinunua kupitia linki waliyoiweka chini ya video wanapata kamisheni. Kamera ya zamani uliyonayo tayari haiwaingizii kitu, basi wataisifia ili iweje? Tena wanakuza picha mpaka unyoya wa ndege uonekane, wakati mteja wako anaitazama kwenye WhatsApp, ambayo kwa kawaida inaibana picha. Megapikseli 12 zinachapisha sentimita 36 kwa 24 safi kabisa. Nani kakuagiza kubwa kuliko hiyo?

Na tuna mfano jirani. Mpiga picha Hugo van Lawick alifika msitu wa Gombe, hapa hapa Kigoma, mwaka 1962 kuwapiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na mtafiti Jane Goodall, kwa kamera za filamu, hana skrini ya kuhakiki alichopata. Dunia nzima iliwajua sokwe wale kupitia kazi yake. Alikaa msituni na kusubiri. Sisi tunataka mashine itusubirie! Ndugu zangu, kazi hii inataka uvumilivu, inataka kuamka, inataka kumheshimu mtu uliyemwelekezea lenzi. Hayo hayaletwi na mzigo wa posta.

Hela kidogo ikipatikana, nunua flashi, betri ya pili na memori kadi ya akiba, maana kadi ikiharibika katikati ya harusi hakuna wa kukurudishia siku hiyo. Halafu kaa na familia mapema, uwaombe picha za nje zisipigwe saa saba mchana. Huku kwetu magharibi jua linazama karibu saa moja, kwa hiyo maharusi wakitoka saa kumi na moja na nusu una muda wa kutosha kupiga bila haraka.