Rangi Isikudanganye: Namna ya Kuipima Dola Kongwe ya Fedha

Kwenye maonyesho ya sarafu hapa Marekani, meza zinazojaza watu ni zile zenye dola za Morgan zilizoingia rangi. Unakuta sarafu nusu yake ni nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani, na nusu ya pili ni dhahabu, damu ya mzee na buluu. Nawaelewa wanaosongamana, kwa sababu mimi nazipenda kuliko sarafu nyingine yoyote. Ila rangi hiyohiyo ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi bila sababu: jicho linakimbilia rangi, sarafu yenyewe inasahaulika. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: pima kwanza sarafu iliyo chini ya rangi, kisha uulize rangi ilifikaje pale, na uzuri uuache uwe swali la mwisho.

Tuijue kwanza tunayemzungumzia. Dola hii ilichongwa na George T. Morgan, fundi mzaliwa wa Uingereza, ikatolewa kuanzia 1878 hadi 1904, halafu ikarudi mwaka 1921. Ina uzito wa gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, fedha asilimia 90, shaba asilimia 10. Sura ya mwanamke iliyo upande wa mbele ilichukuliwa kwa Anna Willess Williams, mwalimu wa Philadelphia. Upande wa nyuma kuna tai, na chini ya shada la majani ndipo utaona herufi ya kiwanda: O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, na D ya Denver katika zile za kale ipo kwenye za 1921 peke yake. Isiyo na herufi ni ya Philadelphia.

Sasa, kwa nini dola hizi ndizo zenye rangi nzuri kuliko sarafu nyingine za zama zake? Jibu liko kwenye siasa na magunia. Sheria ya Bland-Allison ya 1878 iliilazimisha Hazina ya Marekani kununua madini ya fedha ya kati ya dola milioni mbili na milioni nne kila mwezi na kuyageuza sarafu. Nchi ikajaa dola ambazo wananchi hawakuzihitaji, maana noti ni nyepesi mfukoni. Basi zikafungwa elfu moja moja kwenye mifuko ya turubai na kulazwa kwenye vyumba vya Hazina na vya mabenki. Kwa Sheria ya Pittman ya 1918 zikayeyushwa zaidi ya milioni 270. Zilizopona ziliendelea kulala mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walipoanza kupanga foleni kuzichukua kwa mifuko, dola kwa dola, hadi Hazina ilipositisha jambo hilo Machi 1964.

Muda wote huo turubai lilikuwa likifanya kazi yake. Kitambaa kile kilikuwa na salfa, na salfa ikikutana na fedha penye unyevu hutengeneza utando mwembamba sana wa salfidi ya fedha. Utando wenyewe hauna rangi ya kupaka. Mwanga unaogonga juu ya utando na ule unaopenya hadi kwenye fedha hurudi pamoja, na kupishana kwao ndiko kunakoleta rangi, sawa na mafuta yaliyotandaa juu ya maji ya dimbwi. Unene wa utando ukibadilika, rangi nayo hubadilika.

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, kwa hiyo naomba twende taratibu. Kwa kuwa rangi inategemea unene, na unene unaongezeka kidogo kidogo, rangi za asili hujipanga kwa mfuatano usiogeuka. Huanza manjano hafifu, ikakolea kuwa dhahabu, ikaingia chungwa, ikawa damu ya mzee, ikapita zambarau, ikafika buluu nzito, halafu samawati. Utando ukizidi kunenepa mzunguko unaanza upya: manjano tena, waridi, kisha kijani. Maana yake, penye sarafu ya kweli kijani haigusani na fedha nyeupe. Kati yao lazima upite kwenye rangi zilizotangulia, hata kama zimebanwa kwenye ukanda mwembamba kama uzi. Ukiona kijani au buluu kali imekaa mkabala na weupe bila hata mstari wa dhahabu kati yake, irudishe sarafu mezani.

Nichukue dola yangu moja ya 1881 ya San Francisco, ambayo naipenda sana kuifundishia. Upande wa mwanamke una mwezi mchanga wa rangi unaoanzia kwenye nyota za kushoto. Pale ukingoni ni samawati, inaingia buluu, zambarau, damu ya mzee, kisha dhahabu inayofifia hadi kwenye shavu, na kutoka hapo ni nyeupe tupu. Mpaka wa rangi umepinda kama ukingo wa sarafu nyingine, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: dola jirani iliilalia ndani ya mfuko ikaukinga upande wa kulia, na upande wa kushoto ukabaki umegusana na kitambaa. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ndani ya sehemu ya samawati utaona nukta ndogondogo zilizopangwa kwa safu. Hizo ni alama za nyuzi za turubai. Tazama pia kando ya herufi na nyota: rangi inapofika karibu na mwinuko wa herufi inarudi nyuma, ikaacha kiunga chembamba cha rangi ya hatua iliyotangulia. Mtu anayepika rangi jikoni kwake hupata shida kubwa kuviiga vyote hivyo kwa pamoja.

Na wapikaji wapo. Wengine hutumia joto, wengine kemikali zenye salfa. Rangi yao ina tabia ya kuelea juu ya sarafu badala ya kuwa sehemu yake. Huwa imejaa pande zote mbili kwa nguvu moja, au imeshika zambarau na buluu ya kuwaka bila kupitia hatua za mwanzo, au imechuruzika kama kimiminika kilichokauka. Jaribio ninaloliamini zaidi ni la mikwaruzo. Tafuta mikwaruzo kwenye uso wa sarafu, uitazame kwa kioo. Sarafu iliyong'arishwa kwa kitambaa kikali halafu ikapikwa rangi itakuonyesha mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, na rangi imezama ndani yake. Huyo alisuguliwa, na rangi imewekwa kuficha.

Tukija kwenye daraja, kipimo kinachotumika ni cha 1 hadi 70, kilichoanzia kwa William Sheldon mwaka 1949, naye alikibuni kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Sarafu ambayo haikutumika sokoni huanzia 60. Mimi hutazama mambo kwa utaratibu huu, na rangi siiingizi mpaka mwisho.

La kwanza ni mng'ao. Shika sarafu kwa ukingo, chini ya taa moja, uigeuzegeuze polepole. Fedha ilipobanwa na mihuri ilisukumwa kuelekea ukingoni, ikaacha mifereji midogo sana isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo inayofanya miali miwili ya mwanga izunguke juu ya uso unapoigeuza sarafu. Miali hiyo inatakiwa ipite ndani ya rangi bila kukatika. Rangi nzuri juu ya mng'ao hai ndiyo kitu kinacholipiwa. Miali ikifika kwenye nywele zilizo juu ya sikio, au kwenye kifua cha tai, ikazimika na kuacha kijivu, sarafu hiyo imetembea mikononi mwa watu hata kama muuzaji anakuapia.

La pili ni shavu. Dola hizi zilirushwarushwa kwenye mifuko ya elfu moja, mfuko mmoja una kilo karibu 27, kwa hiyo makovu ya kugongana ni jambo la kawaida. Lakini kovu lililo ndani ya nywele au ndani ya manyoya ya tai haliishushi sarafu daraja sawasawa na kovu lililo katikati ya shavu laini. Rangi nzito huyafunika makovu haya. Ndiyo maana naiinamisha sarafu mpaka mwanga uje kwa ubavu. Kovu litatoa kimeto chake hata chini ya zambarau. Nimeona sarafu za daraja 63 zikiuzwa kwa bei ya 65 kwa sababu shavu lilikuwa kwenye kivuli cha rangi.

Chapa yenyewe, yaani jinsi mihuri ilivyoibana picha ikatokea, nayo ina mchango, ingawa hapa sitakaa sana. Dola za San Francisco za 1879 hadi 1882 zimekolea chapa, manyoya ya kifua cha tai yanahesabika. Za New Orleans mara nyingi kifua ni tambarare tangu kiwandani. Usimhukumu wa New Orleans kwa udhaifu wa chapa ukadhani ni kuchakaa: penye chapa dhaifu mng'ao bado upo, penye kuchakaa umeondoka.

Baada ya hayo yote, ndipo rangi. Inaweza kuipandisha sarafu kidogo ikiwa mng'ao uko hai na mfuatano umetulia, na inaweza kuishusha. Utando ukiendelea kunenepa hufika mahali rangi zote zinazima, sarafu inakuwa nyeusi ya makaa, na uso chini yake umeshaliwa. Muuzaji atakwambia ni rangi ya asili, na ni kweli, ila asili peke yake haifanyi kitu kuwa kizuri.

Kampuni za kupima sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, huzifunga sarafu kwenye vibweta vya plastiki ngumu na kukataa kuzipa daraja la kawaida zile ambazo rangi yake ina mashaka. NGC huongeza nyota kwa sarafu yenye mvuto wa pekee machoni. Kwa anayeanza, nunua zilizopimwa, hasa ukinunua kwa mtandao. Lakini picha ziogope. Mwanga ukipigwa wima juu ya sarafu, rangi ambayo mkononi inaonekana kwa pembe moja tu inalipuka pichani. Mwombe muuzaji video fupi sarafu ikigeuzwa chini ya taa ya kawaida. Akikataa, umeshapata jibu. Na bei ya rangi haina kitabu: sarafu mbili za mwaka mmoja na daraja moja zinaweza kuachana mara kadhaa, kwa hiyo tafuta sarafu zinazofanana nayo ambazo zimeshauzwa mnadani kabla hujataja pesa yako.

Wasomaji wa Unguja, Mombasa na Maskati, hili linawahusu hata kama hamjawahi kuishika dola ya Morgan. Majumbani mwetu bado kuna riale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780 hata zile zilizopigwa baadaye sana, na wapo wenye riale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria. Ni fedha, na salfa inazishika vilevile. Nasikitika kila ninapoona riale ya bibi imesuguliwa kwa ndimu na majivu ili ing'ae siku ya harusi. Weupe unaopatikana ni wa fedha iliyokwanguliwa. Ile mifereji midogo ya mng'ao ikishaondoka hairudi, na mkusanyaji ataliona jambo hilo kabla hajaishika. Mtu asiye mkusanyaji anayo haki ya kuvaa riale yake anavyotaka, lakini kama kuna wazo la kuiuza au kuirithisha, iacheni na weusi wake.

Dawa za kuchovya zinazouzwa kwa ajili ya fedha nazo nazikataa. Huondoa utando pamoja na tabaka la fedha lililoungana nao, na sarafu iliyochovywa mara kadhaa huwa nyeupe iliyofifia, haina miali. Kitu kimoja ninachokiruhusu ni asetoni safi, ile isiyo na manukato wala mafuta kama ya kufutia rangi ya kucha, dirishani penye hewa na mbali na moto. Hiyo haigusi rangi ya asili. Inaondoa ule utelezi wa kijani unaotoka kwenye mifuko laini ya plastiki. Utelezi huo wengi huuita rangi, nao unakula fedha. Chovya, toa, acha ikauke yenyewe, usifute.

Kwa kuhifadhi, weka kwenye kibweta kigumu, mahali pakavu, na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu ndani ya sanduku. Pwani unyevu na chumvi haviishi, kwa hiyo pakiti zibadilishwe mara kwa mara. Usifunge sarafu kwa mipira ya bendi, usiziweke kwenye bahasha za kahawia wala droo yenye nguo za sufu, maana zote hizo zina salfa. Piga picha siku unayoinunua, chini ya taa ileile utakayoitumia siku zote, na kila baada ya miezi kadhaa ilinganishe. Dhahabu ya ukingoni ikianza kusogea kuelekea damu ya mzee, hamisha sanduku.