Maduka ya barabara moja kuungana kujitangaza: sisi Tanga tulijaribu, yaliyotukuta haya

Mkuu umeuliza kama maduka 11 ya barabara moja yanaweza kuungana yakajitangaza kwa pamoja au ni ndoto za mchana, maana wateja wamehamia supamaketi mpya na wengine wanaagiza Kariakoo kwa simu mzigo unakuja na basi. Inawezekana, ila sio kwa hiyo njia ya kuchangishana laki laki mkalipie tangazo redioni. Hiyo ndo tulianza nayo sisi na tulipigwa za uso.

Mi nina duka la vyombo Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi maana huku mitaa yetu ni namba tu na kila mtu anamjua mwenzie. Tulikuwa maduka 16, vitenge na madera, mafundi cherehani wawili, spea za baiskeli, stationery, saluni, mgahawa, mikoba na kadhalika. Kila mmoja akatoa 50,000 ikapatikana 800,000 tangazo likasomwa wiki mbili. Hakuna hata mteja mmoja aliyeingia kwangu akasema nimesikia redioni. Na ukilisikiliza tangazo lenyewe unaelewa, lilikuwa linasema karibuni kwa bidhaa bora na bei nafuu, sasa niambie duka gani nchi hii halisemi hivyo? Baada ya hapo saba wakajitoa na maneno juu, tukabaki tisa.

Kilichotuokoa ni shemeji yangu yuko Uingereza. Akaniambia kule kwao kuna kitu kinaitwa Fiver Fest, kiko chini ya mpango wa Totally Locally ulioanzia Yorkshire, maduka madogo ya mji mmoja kwa muda fulani kila moja linaweka kitu cha pauni 5 basi. Hoja yao ni kwamba kila mtu mzima akitumia pauni 5 kwa wiki kwenye maduka ya pale pale kwao, kwa mwaka ni mamilioni yanabaki mjini. Nilimwambia shemeji mji wetu umelala tangu mkonge ulivyoanguka, akanicheka, akanitajia Treorchy kule Wales, mji wa makaa ya mawe na machimbo yalishafungwa zamani, ila wakachukua tuzo ya 2019 ya mtaa bora wa maduka Uingereza nzima na maduka mengi pale ni ya watu binafsi sio makampuni.

Basi tukafanya Wiki ya Buku Tano. Mi niliweka finjani sita na kisahani chake, fundi akaweka kukata dera na kuliwekea lastiki, wa baiskeli akaweka sevisi ya kukaza breki, kunyoosha ringi na kupaka grisi, mgahawa ukaweka chai ya watu wawili na vitafunwa. Hapa naomba uelewe vizuri maana ndo watu wanapoharibu: sio kushusha bei, ni kutengeneza kifurushi ambacho kwa 5,000 wewe bado unapata chako. Mama wa madera hakutuelewa, akachukua dera alilonunua 8,000 akaliuza 5,000, yakaisha 40 kabla ya adhuhuri, sisi tunampongeza kumbe mwenzetu kashapoteza 120,000. Alinuna mwezi mzima, na mpaka leo akiona neno ofa anageuza shingo.

Tukaongeza na kadi. Karatasi ya manila imekatwa, ina vyumba tisa, kila duka lina mhuri wake, ukipata mihuri mitano ya maduka tofauti unachagua zawadi kwenye duka ambalo HUJAWAHI kununua. Hilo la mwisho ndo lenye kazi yote, mteja wangu wa masufuria miaka sita hakuwahi kuingia stationery iliyo hatua kumi kutoka kwangu, aliingia kwa sababu ya kadi. Kulikuwa na wizi kidogo, kijana mmoja wa duka aliwagongea washkaji zake, tulimjua kwa sababu kadi nne zilikuja na mihuri yote ya wino ule ule wa zambarau, yani kagonga maduka ya watu akiwa amekaa kwake. Toka siku hiyo bila risiti hugongewi, na kumbe hilo lilisaidia na mambo ya risiti maana wateja walianza kuzidai wenyewe. Kuna aliyetaka kadi ziingie kwenye droo ya pikipiki, tukaulizia tukaambiwa ukishachezesha bahati nasibu hata kama ni ya kutangaza biashara unahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, tukaacha. Usije ukaingia mkenge.

Watakaokusumbua ni wanaouza kitu kimoja. Mafundi wetu wawili walikuwa hawasalimiani, kila mmoja anaona kadi itampeleka mteja wake kwa mwenzie, na kweli ilimpeleka. Ila baada ya miezi kadhaa, mmoja akaegemea uniform za shule, mwingine nguo za harusi, na siku hizi wanarushiana wateja. Hatukuwaambia wafanye hivyo, walijikuta tu.

Machinga je? Wapo waliotaka tuwafukuze, si unakumbuka 2021 walivyohamishwa nchi nzima na baadae wengine wakarudi mdogo mdogo. Mi nilikataa. Yule mzee wa kahawa na kashata anakaa mbele ya duka langu, mtu anakunywa kahawa nusu saa nzima amekaa kwenye benchi, sasa macho yake yatatua wapi kama sio kwenye masufuria yangu? Tukampa na yeye mhuri.

Hela. Tunatoa 2,000 kwa wiki kila duka, tulivyokuwa tisa ilikuwa 18,000, iko M-Koba, ile akiba ya kikundi ya kwenye simu, ili ikitoka kila mtu ajue imetoka. Ni ndogo makusudi, mtu hawezi kusema hana. Tunafagia barabara, tunamlipa kijana wa usiku, tunanunua taa.

Alafu kuna wale wasiochanga lakini wanakula matunda. Wenzetu Toronto mtaa wa Bloor West Village walilimaliza 1970 kwa kwenda kuomba sheria, kila biashara ya eneo ilipe atake asitake, na Uingereza wakaiga, wenye biashara wanapiga kura, ikipita hata aliyekataa analipa, na isizidi miaka mitano wanapiga tena. Sisi hatuna rungu hilo, tuna taa tu. Kumi la mwisho la Ramadhani watu wakitoka tarawehe wanashuka kununua nguo za Idd mpaka usiku mwingi, tukatundika balbu za rangi kutoka mwanzo wa barabara, zinapita duka hadi duka, tukifika kwa aliyejitoa tunaruka. Mzee mmoja wa mikoba, alijitoa kwa kishindo ile ya redio, duka lake likabaki giza katikati kama pengo la jino, watu wanapita pale wanaharakisha. Usiku wa kwanza alitoka nje akasimama mikono nyuma anaangalia juu, hakusema kitu. Asubuhi kaja kwangu na 10,000, "hii ya wiki tano mwanangu, na waya wa kuunga ninao mwenyewe."

Sasa hivi tuko 13. Supamaketi bado ipo na bado inajaa, sitakudanganya.

Ila mkuu hujasema hayo maduka 11 yanauza nini na nini, hebu tuambie, maana kama nane ni ya simu na kava basi hiyo kadi niliyokueleza haitakusaidia kitu.