"Catch" si kuvua dagaa tu

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini yule mgeni mwaloni Kibirizi alisema ame-"catch" mafua, wakati wewe neno hilo la Kiingereza unalijua kwa samaki. Maana yake ya msingi ni kunasa au kudaka kitu kinachokwenda: mpira, dagaa wa Ziwa Tanganyika wavuni. Ukiwahi treni ya Tabora, nayo ni "catch". Usipomsikia mtu vizuri, unasema "I didn't catch that", kama sisi tunavyosema "sijakupata". Mafua ndiyo kichekesho: kwetu mafua humshika mtu, Mwingereza ndiye anayeyashika! Basi tazama kwanza neno linalofuata, ndipo utafsiri. Na kwa jambo la jana, lililokwisha pita, ni "caught", siyo "catched". Hapo hata mimi nilichekwa darasani.