Sifa inayomdumisha kijana katika soka
Umeuliza ni sifa ipi ya kijana inayoashiria kwamba ataendelea kucheza soka ukubwani. Kimo na mbio hudanganya, kwani pale makundi ya umri yanapohesabiwa kuanzia Januari, aliyezaliwa mwezi huo humzidi mwenzake wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukomaa, wala si lazima amzidi kipaji. Mimi ningemtazama kwanza anayejituma mazoezini bila kusukumwa, na anayerudi uwanjani baada ya kukataliwa. Mshambuliaji Mwingereza Jamie Vardy aliachwa na klabu ya Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa udogo wa mwili, akacheza madaraja ya chini huku akifanya kazi kiwandani, na mwaka 2016 akatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Leicester City.