Talanta ilikuwa mtaji

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilihusu asili ya neno "talent", ambalo Waingereza hulitumia kwa uwezo anaozaliwa nao mtu, wa kuimba, kucheza mpira na kadhalika. Chanzo chake ni neno la Kigiriki, talanton, na mwanzoni halikuhusu uwezo wa mtu hata kidogo. Lilikuwa mizani, kisha uzito uliopimwa kwa mizani hiyo, kisha fedha ya uzito huo.

Na ilikuwa fedha nyingi kwelikweli. Talanta moja ya Athens ilikuwa kilo kama 26 za madini ya fedha, zaidi ya nusu mfuko wa saruji, sawa na sarafu 6,000 za Kigiriki ziitwazo drakma. Merikebu ya vita ya makasia ilibeba watu 200 hivi. Kila mmoja akilipwa drakma moja kwa siku, talanta moja iliwatosha wote mwezi mzima.

Kilichogeuza maana ni mfano wa Yesu katika Mathayo 25, ambapo bwana anayesafiri anawakabidhi watumwa wake talanta tano, mbili na moja. Katika injili hiyohiyo kibarua wa shamba la mizabibu analipwa dinari moja kwa siku, na talanta ilikuwa kama dinari 6,000. Basi hata yule wa talanta moja, ambaye wengi humwona kapunjwa, alishikishwa ujira wa karibu miaka 20! Wakristo wa Ulaya walizoea kuzifasiri fedha hizo kuwa vipawa vya Mungu, na kufikia karne ya 15 maana hiyo ilikwishaingia katika Kiingereza. Sisi nasi tunaisoma talanta katika Biblia. Kenya neno limezoeleka sana kwa vipaji vya vijana. Tanzania utasikia zaidi kipaji.

Lakini kuna jambo lililopotea njiani, nalo linaniuma. Mstari wa 15 unasema talanta zilitolewa "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake". Yaani uwezo ulikuwepo tayari. Talanta ni mtaji ulioongezwa juu yake. Siku hizi kijana akishindwa kupiga gitaa tunasema hana talanta, hakuzaliwa nayo, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa maana ya Mathayo tungeanza kwa kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumkabidhi gitaa, akamwachia na muda wa kulizoea.