Kabla hujatabiri mtoano wa hoki ya vijana

Mwaka wa kwanza kutabiri mtoano wa hoki ya barafuni ya vijana, hapa Ontario, nilifungua msimamo wa ligi, nikaona nani ana pointi nyingi, nikaandika jina lake. Kazi ya dakika tano. Nilikosa vibaya, na niliyojifunza tangu hapo nawapa ninyi mnaoanza.

Msimamo wa ligi unaficha mambo. Ligi tatu kubwa za vijana Kanada, yaani OHL ya hapa Ontario, WHL ya magharibi na ile ya Quebec, huchezesha zaidi vijana wa miaka 16 hadi 20, na dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa Januari. Timu inayolitaka kombe hutoa chipukizi wake na kuchukua wakali wa miaka 19 na 20. Kwa hiyo timu ya Oktoba siyo timu ya Machi. Tena mwishoni mwa Desemba nyota huitwa kwenye mashindano ya dunia ya vijana, klabu zao zikabaki na mapengo. Mimi huanza kuhesabu mechi za katikati ya Januari, za nyuma nazipa uzito mdogo.

Halafu kipa. Hapa ndipo ukae sana. Chukua mashuti 30 kwa mechi, mechi saba: ni mashuti 210. Kipa anayeokoa asilimia 90 atafungwa mabao 21. Anayeokoa asilimia 92 atafungwa kama 17. Mabao manne hayo, kwenye mechi zinazoamuliwa kwa bao moja, yanatosha kukugeuzia mfululizo mzima, yaani zile mechi hadi saba kati ya timu mbili zilezile. Ukienda uwanjani, mtazame wakati wa kupasha misuli. Paki, kile kisahani cha mpira mgumu, ikimgonga kifuani anaifumbata, au inamdondokea mbele ya miguu? Ikidondoka mara kwa mara, washambuliaji wa upande wa pili nao wameshaona. Na hakikisha nani anaanza golini. Kuna mwaka nilimpa ushindi kipa ambaye hata hakuvaa jezi, maana klabu huficha majeraha. Utaambiwa tu "sehemu ya juu ya mwili" au "ya chini", basi.

Faida ya kucheza nyumbani, kwa maoni yangu, watu huikuza mno.

Sasa hesabu, na tafadhali msiiruke. Mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi mara nne. Timu yenye nafasi ya asilimia 60 katika kila mechi itashinda mfululizo kama mara 71 katika 100. Maana yake mnyonge anapita karibu mara tatu katika kumi, wala si muujiza. Raundi ya kwanza ya OHL ina mifululizo minane. Hata kama yote ina mbabe wa namna hiyo, nafasi ya kupatia yote minane ni kama asilimia 6. Kwa hiyo usiandike jina peke yake. Andika asilimia.

Mwaka 2010 Windsor Spitfires, timu ya OHL, walikuwa nyuma kwa mechi 3-0 dhidi ya Kitchener, wakashinda nne mfululizo, na wakatwaa Kombe la Memorial, linalokutanisha mabingwa wa ligi hizo tatu na timu mwenyeji. Mwaka 2017 ikawa kinyume: waliongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya London Knights wakatolewa raundi ya kwanza. Lakini walikuwa wenyeji wa Kombe la Memorial, wenyeji huingia moja kwa moja, nao baada ya mapumziko ya zaidi ya mwezi wakawafunga Erie, mabingwa wa ligi yao, 4-3 kwenye fainali. Mtu aliyewafuta Aprili alikuwa na kila sababu.

Kwenye maelezo yenu, muwe na huruma. Aliyepoteza paki dakika ya mwisho huenda ana miaka 16 na kesho asubuhi ana darasa.

Daftari langu lina safu tatu: asilimia niliyotoa, matokeo, na sababu iliyonifanya nitoe asilimia ile. Naijaza safu ya sababu usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, kwa kalamu ya wino, na baada ya hapo siigusi.