Muulize Fundi: Kalibu moja, maua ya dari tofauti

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mdogo wangu tunamimina maua ya dari ya jipsam uani kwetu, Tanga. Kalibu ni ileile, unga ni uleule, lakini moja linatoka gumu na jeupe, jingine lina vitundu usoni, jingine linameguka likiwa kwenye bajaji. Juzi mteja katurudishia moja lenye ufa. Tunakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji hukuyataja, nami nahisi mnayakadiria kwa macho. Kilo 1 ya unga inahitaji gramu 186 hivi tu za maji ili ishike. Yanayozidi ni ya kuufanya umiminike, na yakikauka huacha vinyweleo ndani. Mimi naweka gramu 650 kwa kilo. Ukifikisha 900, ua litapendeza usoni, ila ndani ni dhaifu. Nunueni mizani ya jikoni, mpime unga na maji kila mkorogo, hasa siku ya oda nyingi, maana ndiyo siku ya kukadiria.

Mizani hiyohiyo itawakagulia kazi. Ua likishakauka, yaani uzito wa leo ni ule wa jana, lilinganisheni na wenzake wa kalibu ileile. Lililo jepesi mno lilikunywa maji mengi, msiliuze.

Vitundu ni hewa. Nyunyizeni unga juu ya maji, uacheni unywe dakika moja au mbili, kisha korogeni taratibu, mkono ukiwa chini. Pakeni kwanza safu nyembamba kwa brashi hadi ndani ya nakshi, ndipo mmimine. Na ndoo ioshwe kila mara! Mabaki makavu huharakisha mkorogo mpya kushika, mtu akiona unakuwa mzito anaongeza maji. Mkorogo ulioanza kushika haufai tena, mwageni.

Unga huu wa jipsam ni jasi, yaani jiwe la jipsam, iliyopikwa kwa nyuzijoto 150 hivi hadi ikapoteza maji mengi, hivyo hunyonya hata unyevu wa hewani. Kwa hewa ya Tanga, mfuko uliofunguliwa ufungeni kwa nailoni, ukae juu ya mbao. Maua yakaukie kivulini penye upepo. Juu ya bati la moto uso hugeuka ungaunga.

Kitundu kidogo kizibeni, si vibaya. Ufa unaopita karibu na sehemu ya kufungia ni jambo jingine kabisa: ua hilo litaning'inia juu ya vichwa vya watu, na mimi silipaki rangi nikalitoa. Livunjeni.

Huyo mteja mpeni jingine bila malipo. Lile alilorudisha lipasueni mtazame ndani. Mkikuta linapukutika kama chaki, ni maji. Mkikuta katani, yaani nyuzi za mkonge zinazolazwa ndani ya ua kulitia nguvu, imejikusanya fundo sehemu moja, kazi ya mdogo wako ni kuichambua nyuzi ziachane kabla ya kuilaza.